Kwa Anayevuka Ziwa Kwenda Kongo Mara ya Kwanza

Mwananchi wa Mpanda anayetaka kuiona nchi ya kigeni yenye historia kubwa hana haja ya kupanda ndege. Atoke mjini kwa gari, ashike njia ya kuelekea magharibi, ateremke hadi Karema, na hapo, ng'ambo ya maji, ipo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: nchi iliyo kubwa kuliko yetu zaidi ya mara mbili, nchi ya Patrice Lumumba, nchi ya shaba na mito mikubwa, na ambayo mamilioni ya watu wake husema Kiswahili. Tena ajabu ya majina ni kwamba msafiri huyo huondoka katika Wilaya ya Tanganyika akafikia katika Jimbo la Tanganyika, maana ndivyo lilivyoitwa jimbo la Kalemie lilipozaliwa mwaka 2015, mkoa mkubwa wa Katanga ulipogawanywa.

Bandari mpya ya Karema, iliyogharimu karibu shilingi bilioni 48, ilikamilika mwaka 2022. Mwaka huo huo, mwezi Julai, Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mambo hayo mawili yamewafanya wachuuzi, mafundi na madereva waanze kuuliza habari za kuvuka. Maswali yao ni ya haki, lakini majibu wanayopewa vijiweni mara nyingi si ya kweli. Mmoja husema kule hakuna sheria. Mwingine husema kule dola zaokotwa. Yote mawili ni uongo, na huu wa pili ndio uliowafilisi watu wengi zaidi.

Kabla ya jambo lo lote yapasa tuseme juu ya vita, maana haifai kumtia mtu moyo wa safari huku tukimficha hatari. Mashariki ya Kongo haijatulia. Mwezi Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, mwezi Februari wakaingia Bukavu, na mwezi Desemba mwaka huo mapigano yakafika Uvira, mji ulio kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa letu hili hili. Kalemie na Moba ziko mbali kusini mwa Uvira, lakini Jimbo la Tanganyika nalo limewahi kuonja ugomvi wake lenyewe, hasa miaka ya 2016 na 2017, Wabatwa na Waluba walipopigana hata vijiji vikahamwa. Kwa hiyo msafiri asiseme tu "nakwenda Kongo". Aseme nakwenda Kalemie, au Moba, au Lubumbashi, kisha aulize habari za mahali hapo katika juma lile lile analosafiri, kwa manahodha waliorudi jana, kwa ofisi ya uhamiaji, na kwa Ubalozi Mdogo wa Kongo ulioko Kigoma. Habari ya mwezi uliopita haifai. Na akiambiwa njia ya kwenda mahali fulani imefungwa, asitafute dereva shujaa wa kumpitisha.

Sasa karatasi. Pasipoti ndiyo nguzo ya safari. Wapo wanaovuka kwa hati ya dharura ya safari, na kwa nchi jirani hati hiyo husaidia. Lakini mwenye busara humwuliza kwanza afisa wa uhamiaji pale Mpanda kama itapokelewa upande wa pili na kwa siku ngapi. Kuhusu viza, masharti kati ya nchi hizi mbili yamekuwa yakibadilika miaka hii, na haifai kumtegemea jirani aliyevuka zamani. Ulizeni ubalozini, na mkipewa jibu, ombeni liandikwe. Aliye na mali ya biashara achukue pia karatasi za mali hiyo, kila bidhaa na idadi yake, maana mzigo usio na karatasi ni kama mtoto asiye na wazazi: kila mtu sokoni atadai ni wake.

Karatasi ya pili ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kongo humdai kila mgeni cheti hicho mpakani, na hakuna ujanja. Chanjo huhesabiwa kuwa imefanya kazi baada ya siku 10, kwa hiyo mtu anayechanjwa leo na kuvuka kesho amechelewa ingawa sindano amepata. Faida yake ni kwamba tangu mwaka 2016 cheti kimoja chatosha kwa maisha yote. Wapo wanaouza vyeti vya uongo kando ya barabara. Anayenunua cheti kama hicho ananunua mambo mawili kwa bei moja: kesi mpakani, na ugonjwa msituni.

Juu ya afya kwa jumla, mbu wa Kalemie ni ndugu wa mbu wa Ikola, na chandarua ni chandarua. Kipindupindu huzuka mara kwa mara katika miji ya ufukoni, hivyo maji ya kunywa yachemshwe, hata kama mwenyeji wako anayanywa mabichi bila kudhurika. Kongo imewahi pia kupatwa na milipuko mingi ya Ebola. Mlipuko wa Kasai ulitangazwa Septemba 2025 ukaisha Desemba mwaka huo. Kasai ni mbali sana na ziwa, lakini maafisa wa afya wa pande zote mbili wakitaka kukupima joto la mwili, simama upimwe.

Tumefika kwenye maji. Ziwa Tanganyika lina urefu upatao kilomita 670 na kina kinachopita mita 1,400, na katika Afrika yote hakuna ziwa lenye kina kama hilo. Mtu aliyezoea mito ya Katavi huliona limetulia asubuhi akadhani ni bwawa. Tangu Mei hadi Septemba upepo wa kusi huvuma kwa nguvu, na mawimbi yake si ya kuchezea. Kutoka Karema hadi Kalemie ni mwendo wa kilomita 150 na zaidi, kwa kuwa chombo hukata ziwa kwa mshazari kuelekea kaskazini-magharibi. Moba ni karibu zaidi, yapata nusu ya mwendo huo. Si safari ya kufanywa katika mtumbwi wenye injini moja iliyokwisha kufungwa kwa kamba.

Mwezi Desemba 2014 meli iitwayo Mutambala ilitoka Kalemie kuelekea Uvira, ikapinduka katika upepo mkali. Walikufa watu zaidi ya 100. Ilikuwa imejaa abiria na mizigo. Basi msafiri akifika bandarini aangalie mstari wa maji ubavuni mwa chombo kabla ya kuangalia bei ya nauli. Aulize idadi ya majaketi ya kuokolea, avae la kwake tangu mwanzo wa safari badala ya kulikalia kama mto. Jina lake liandikwe katika orodha ya abiria, jina la kweli kama lilivyo katika pasipoti, ili likitokea la kutokea nyumbani wapate habari. Na kama chombo kimejaa, ashuke. Nauli iliyolipwa ni hasara ndogo. Ratiba za vyombo Karema hazifanani na ratiba za treni: mtu apange siku mbili tatu za kungoja, achukue fedha ya kumtosha kungoja, na asikubali kuvushwa usiku kutoka ufukoni pasipo bandari eti kwa sababu ni rahisi. Anayeingia nchi ya watu pasipo muhuri hana wa kumtetea akikamatwa.

Akishuka Kalemie, msafiri atakutana na ofisi nyingi kuliko alivyotazamia: watu wa uhamiaji, ambao wenyewe huiita ofisi yao kwa herufi DGM, watu wa forodha, watu wa afya, wakaguzi wa bidhaa, na pengine wengine ambao kazi yao haijulikani upesi. Wengi wao ni watumishi waaminifu wanaopata mshahara mdogo. Wapo pia wanaotaka "matabishi", neno ambalo utalisikia sana, na maana yake ni bakshishi au hongo, kutegemea nani anaomba na kwa sauti gani. Ushauri wetu ni huu. Salimu kwa heshima, vua kofia, keti ukiambiwa keti, jibu kwa Kiswahili taratibu. Usipandishe sauti hata ukiwa na haki, na wala usitoe noti kabla hujaombwa, maana ukitoa umekwisha kukiri kwamba kuna kosa. Ukidaiwa malipo, uliza jina la malipo hayo na uombe stakabadhi yenye mhuri. Malipo mengi ya uongo hufa palepale neno stakabadhi linapotajwa. Yale ya kweli huandikwa, nawe huyalipa bila manung'uniko, kama mgeni anavyolipa kwetu.

Pasipoti yako usiiache mikononi mwa mtu ye yote mitaani. Tembea na nakala yake, na ya asili ihifadhiwe. Usipige picha za bandari, madaraja, stesheni, kambi au askari. Simu nyingi zimepotea kwa picha moja ya daraja. Usivae nguo ya madoadoa ya kijeshi. Usipokee kifurushi cha mtu usiyemjua cha kumpelekea "shangazi" yake Mpanda. Na madini, ndugu wachimbaji, msiyaguse. Katavi ina wachimbaji wadogo wa dhahabu wengi wanaojua rangi ya mawe, nao ndio hasa wanaoshawishika wanapoonyeshwa karatasi iliyokunjwa yenye unga unaong'aa. Kununua madini pasipo kibali ni jela, na mara nyingi anayeuza na anayekuja kukamata ni watu wa mezani moja.

Juu ya fedha, Wakongo wana faranga zao, na kwa Kiswahili chao huita fedha yote "falanga". Lakini dola ya Kimarekani hutumika pamoja nayo kila mahali, tangu kodi ya nyumba hadi bei ya mbuzi. Hapa kuna jambo moja linalowaumiza wageni. Dola iliyochanika hata kidogo pembeni, iliyoandikwa kalamu au kuchakaa, hukataliwa na kila mtu, wakati noti ya faranga iliyooza kama jani hupokelewa bila neno. Basi anayebadilisha shilingi zake achague dola safi, mpya, moja moja, na azitie katika bahasha ngumu isiyokunjika. Achukue noti ndogo pia. Kubadilisha fedha kufanyike katika duka au kwa mtu aliyeonyeshwa na mwenyeji wako, na kuhesabu kufanyike mara mbili, ya pili polepole. Fedha ya simu ya huku usiitegemee kule mpaka umeuliza na kujaribu kwa kiasi kidogo, hata kama jina la kampuni ni lile lile.

Kisha kuna mambo madogo yanayoleta hasara kubwa. Magari ya Kongo hupita upande wa kuume wa barabara, kwa hiyo anayevuka aangalie kushoto kwanza, jambo ambalo shingo ya Mtanzania halijazoea. Saa ya Kalemie iko nyuma ya saa yetu kwa saa moja: Karema ikiwa saa 4 asubuhi, kule ni saa 3. Zaidi ya hayo, wengi wa kule, hasa waliosoma au wanaofanya kazi maofisini, huhesabu saa kwa desturi ya Kifaransa kuanzia usiku wa manane. Akikwambia chombo kinaondoka "saa munane", huenda maana yake ni saa 2 asubuhi kwa hesabu yetu, na wewe ukitokea saa 8 mchana utaona moshi tu. Uliza: jua litakuwa wapi? Swali hilo halikosei.

Hapa tumegusa lugha, na tuna maneno juu yake, kwa kuwa ndiyo mali kubwa aliyo nayo msafiri wetu. Lugha ya serikali ya Kongo ni Kifaransa, lakini Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba. Kiswahili chao kilitoka wapi? Kilipita hapa kwetu. Misafara ya karne ya 19 ilikitoa pwani, ikakipitisha Tabora na Ujiji, ikakivusha ziwa hadi Kasongo na kwingineko. Baadaye kikawa lugha ya migodi ya shaba ya Katanga, ambako watu wa makabila mengi walikutana kazini. Basi kimechukua sura ya njia yake. Kusema kwamba Wakongo "wanaharibu" Kiswahili, kama wanavyosema baadhi yetu kwa kicheko, ni utovu wa adabu, tena ni ujinga wa historia. Wao nao husikia chetu kama lugha ya redio na vitabu, na wengine huona tunajivuna.

Mgeni ajifunze machache. Salamu ni "Jambo", nayo hujibiwa "Jambo", kwa moyo kabisa. Si neno la kuwafurahisha watalii kama lilivyofanywa katika hoteli zetu. Asante ni "aksanti". Maji ni "mayi". Ugali huitwa "bukari", kisamvu ni "sombe", na mchicha ni "lengalenga". Shule ni "masomo", baiskeli ni "kinga", gari ni "mutoka". Tisa kwao ni "kenda", neno ambalo wazee wetu nao walilitumia. Serikali huitwa "Leta", nalo limetokana na Kifaransa. Ukisikia "mutu wa Leta amekuja", jua afisa yu mlangoni. Mwanamume mtu mzima mwite "papa", mwanamke "mama", na aliyekuzidi umri kidogo mwite "yaya", hata kama ni mwanamume. Lakini jihadhari na neno "bibi". Kule ni mke wa mtu. Kijana wetu anayemwuliza mwenyeji wake kwa heshima "bibi yako hajambo, amezeeka sana?" atatazamwa kwa namna asiyoielewa.

Kuhusu chakula hakuna la kuhofia. Dagaa na mikebuka ya ziwa ni ile ile, na mafuta ya mawese yapo kwa wingi. Pombe kali ya kienyeji iitwayo "lutuku" ni gongo kwa jina lingine, aiache. Kwa malazi, nyumba za wageni za misheni mara nyingi ni safi, bei yake ni ya kiasi, na lango lao hufungwa mapema, jambo ambalo kwa mgeni wa kwanza ni faida.

Tulisema kwamba Kongo ni nchi ya historia. Kwa mtu wa Katavi historia hiyo yaanzia Karema penyewe, kabla hajapanda chombo. Mwezi Agosti 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alifika hapo akaanzisha kituo cha chama kilichoundwa na Mfalme Leopold wa Pili, chama kilichojiita cha kimataifa na kudai kwamba kazi yake ni elimu na kupinga utumwa. Katika mwaka huo huo walijaribu hata kuleta tembo wanne kutoka India ili wabebe mizigo kutoka pwani. Si wote waliofika. Kiongozi wa msafara wa tembo hao, Carter, aliuawa pamoja na mwenzake Cadenhead huko Mpimbwe mwezi Juni 1880, katika vita vya watu wa Mirambo na Simba. Msomaji wa Mpimbwe anayesoma maneno haya anakaa juu ya ardhi hiyo.

Kutoka Karema, mwaka 1883, afisa mwingine wa Kibelgiji, Émile Storms, alivuka ziwa akajenga kituo Mpala, kusini mwa Kalemie. Alipambana na mtemi wa Watabwa aliyeitwa Lusinga. Mwezi Desemba 1884 watu wa Storms walimwua Lusinga wakamkata kichwa, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji, ambako liliwekwa pamoja na mafuvu mengine kama mali ya sayansi. Sanamu ya mti iliyotoka kwa mtemi huyo iko katika jumba la makumbusho la Tervuren. Sanamu ya Storms mwenyewe ilisimama katika uwanja mmoja wa Brussels kwa miaka mingi, ikaondolewa mwaka 2022. Haya twayaandika kwa kuwa mgeni akifika Mpala na kuona kuta za zamani, asizione kama mawe tu. Wenyeji wanajua ni kichwa cha nani kilichovuka maji.

Mwaka 1885, baada ya mkutano wa Berlin, Leopold aliyageuza macho yake kuelekea mto Kongo, na vituo vya Karema na Mpala vikakabidhiwa Mapadre Weupe. Ziwa likawa mpaka, Wajerumani huku, Leopold kule, na koo za Waholoholo zilizokuwa na jamaa pande zote mbili zikaambiwa ni watu wa nchi mbili. Mjini Karema alifika mwaka 1889 Adrian Atiman, aliyezaliwa karibu na Timbuktu, akauzwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na kusomeshwa uganga huko Malta. Akawatibu watu wa Karema mpaka alipokufa mwaka 1956. Upande wa pili, katika nchi ya Marungu, alitoka Stefano Kaoze, aliyepewa upadre mwaka 1917, wa kwanza katika Wakongo wa zama hizo. Anayepita Moba aulize habari zake.

Mji wa Kalemie uliitwa Albertville wakati wa Wabelgiji. Unakaa pale Mto Lukuga unapotoka ziwani, na mto huo ndio mlango pekee wa maji ya ziwa letu kwenda Kongo na hatimaye bahari ya Atlantiki. Lukuga ulipofunguka katika miaka ya 1870, maji ya ziwa yalishuka, hata ngome ya Karema iliyojengwa karibu na maji ikabaki mbali na ufuko. Miaka hii ya 2020 ziwa limepanda tena, na mitaa ya chini ya Kalemie imeingiwa na maji. Usishangae kuona nyumba nzuri zimesimama tupu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, ni kando ya Lukuga ambako Waingereza walileta mashua mbili, Mimi na Toutou, zilizokokotwa nchi kavu kwa treni, matrekta ya mvuke na ng'ombe. Siku ya 26 Desemba 1915 waliiteka meli ya Wajerumani Kingani. Meli yao kubwa, Götzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo kila mzee wa Ikola analijua kwa honi yake.

Mfanyakazi akipata muda, aitazame stesheni ya reli inayokwenda Kabalo, iliyofika ziwani mwaka 1915, na majengo ya kiwanda cha nguo cha Filtisaf, ambacho kiliajiri watu wengi sana kabla hakijafungwa. Mtu wa Mpanda ataelewa upesi. Reli yetu ya Kaliua nayo ilijengwa kwa ajili ya risasi ya mgodi wa Mpanda. Mgodi ukaisha, reli ikabaki, na mji ukajifunza kuishi kwa mazao. Kalemie inajifunza somo hilo chini ya hali ngumu zaidi, na ndani ya jimbo lake, huko Manono, ipo bati na lithiamu ambayo dunia nzima inaigombea.

Wale wanaokwenda Lubumbashi, hasa madereva, kwa kawaida hawavuki ziwa. Hupita Sumbawanga, Tunduma, Zambia, na kuingia Kasumbalesa, ambako foleni ya malori huweza kula siku nyingi. Wachukue chakula na uvumilivu. Lubumbashi upo Ubalozi Mdogo wa Tanzania, na mgeni aandikishe jina lake hapo. Katika mji huo mwezi Desemba 1941 wafanyakazi wa migodi ya shaba waliogoma wakitaka nyongeza walipigwa risasi uwanjani, na wengi walikufa. Karibu na mji huo huo, tarehe 17 Januari 1961, aliuawa Lumumba, miezi michache tu tangu aongoze serikali ya kwanza ya nchi huru. Kilichobaki cha mwili wake ni jino moja, ambalo Ubelgiji ililirudisha kwa jamaa zake mwezi Juni 2022. Wakongo wana mawazo mengi juu ya siasa zao, nao huzungumza kwa uhodari. Mgeni asikilize. Akiulizwa maoni yake juu ya vita au juu ya wakubwa, aseme yeye ni mgeni na chai ni nzuri.

Na wakati wa kurudi, vitenge na sabuni alivyonunua vionyeshwe forodhani Karema pamoja na stakabadhi zake, kabla afisa hajauliza. Dola zilizosalia zibadilishwe Kalemie ziwe shilingi kama bei ni nzuri, au zirudi nyumbani katika bahasha ile ile ngumu. Faranga zitumike zote kule, maana Mpanda hakuna wa kuzinunua. Mwenye homa katika majuma matatu ya kwanza aende hospitali akaseme waziwazi ametoka wapi.